Hema na malazi kwa usiku wa Sharqiya na Jebel Shams mwisho wa Desemba: upepo na baridi

MwanaRuwi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tuko watu wanane, wanne ni watoto wa miaka 5 hadi 12. Mwisho wa Desemba tunakusudia kulala usiku mmoja kwenye jangwa la mchanga la Sharqiya, hapa Oman, tukiingilia mji wa Bidiyah, na usiku wa pili kwenye mlima wa Jebel Shams, kwenye uwanda wa juu karibu na korongo la Wadi Ghul. Magari ni mawili, yote ya fowili (yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne).

Tulivyonavyo: hema moja la watu wanane ambalo mtu mzima anasimama ndani, fito zake ni za faiba, vigingi vya waya vilivyokuja nalo, magodoro mawili makubwa ya kujaza upepo, mifuko ya kulalia iliyoandikwa +10, jiko la gesi la mezani, lile la kopo refu.

Nataka kujua: vigingi vitashika vipi kwenye mchanga, na juu kwenye mawe tufanye nini? Malazi haya yanatosha kwa watoto? Na je, tuweke jiko la mkaa ndani kidogo kabla ya kulala ili hema lipate joto? Tuna wiki tatu za kujiandaa.

---

FundiTurubai

Waalaykum salaam. La mkaa nalijibu kabla ya yote: hapana. Si kidogo, si mlango ukiwa wazi, si makaa yaliyokwisha kufifia. Makaa yanayoonekana majivu matupu bado yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuihisi. Jiko la mkaa likae nje usiku kucha, upande ambao upepo hauleti moshi hemani.

Sasa hema. Hilo la kusimama msilipandishe Jebel Shams. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ubavu wa hema wenye mita 3 za mraba ukipigwa na upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukumwa kwa uzito wa kilo 19 hivi. Kwa kilomita 54 ni kilo 42. Kwa kilomita 72 ni kilo 75. Hema lenu ubavu wake unakaribia mara mbili ya huo, na fito za faiba zikielemewa hivyo hupasuka kwa urefu, kuanzia pale kipande kinapoingia kwenye bomba la chuma la kiungio. Azimeni au nunueni mahema mawili ya kuba ya watu wanne, kimo kisizidi sentimita 140, na kitambaa cha nje kiwe kinashuka mpaka karibu na ardhi. Mkiangalia utabiri, msitazame wastani wa upepo. Tazameni mivumo ya ghafla, kwa sababu hiyo ndiyo inayovunja. Ikitabiriwa mivumo ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa kule juu, panga watoto walale kwenye magari, au usiku wa pili mrudi chini, mjini Al Hamra au Nizwa.

Kwenye mchanga mkavu vigingi vya waya havina cha kushikilia. Ukivuta kwa vidole viwili vinatoka. Kuna vigingi vipana vya mchanga, vya alumini, vyenye umbo la mfereji, urefu sentimita 30 mpaka 40. Hivyo vinafaa kwa pembe za sakafu. Kwa kamba zenyewe, mimi nategemea mifuko ya kuzika, nayo haina gharama: mifuko ya mchele wa kilo 5, ile ya kitambaa yenye zipu na mkono. Ukijazwa mchanga mmoja unafika kilo 9 au 10.

Chimba shimo la sentimita 40. Upande unaotazama hema, chonga mfereji mwembamba ili kamba itoke kwa mshazari bila kupinda ukingoni. Laza mfuko ukiwa umekingama na kamba, fukia, kanyaga kwa tabaka, kila sentimita 10 unakanyaga tena. Mfuko uliozikwa hivyo unashika kuliko uzito wake, kwa sababu ili utoke lazima uinue na kabari yote ya mchanga iliyo mbele na juu yake. Mfuko huohuo ukiuacha juu ya mchanga una kilo 10 zake tu, na ukivutwa unateleza. Mchanga wa juu ukiwa mkavu mno, mwaga lita moja ya maji ya kuoshea vyombo juu ya kila shimo. Mchanga mbichi unashikana vizuri. Mahema mawili yanahitaji mifuko 12 mpaka 16. Beba koleo mbili, si moja.

Kamba za dukani huwa fupi na za kuteleza. Badilisha, weka za milimita 3 au 4, na kwa mchanga urefu uwe mara mbili au mara tatu ya kimo cha pale zilipofungwa. Kamba fupi inainua kigingi badala ya kukivuta kwa ubavu.

Na jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: chini ya kitambaa cha nje, upande wa ndani, kuna vitanzi vidogo vya velkro vilivyoshonwa mahali kamba zinapofungwa nje. Hivyo lazima vizungushwe kwenye fito. Visipofungwa, kamba inavuta kitambaa peke yake na fito inabaki kuyumba bila msaada. Vikifungwa, kamba inashika fito yenyewe.

---

Baharia_wa_Sur

FundiTurubai kasema vizuri. Naongeza namna ya kusimamisha upepo ukiwa tayari unavuma, kwa sababu hapo ndipo mahema mengi huruka.

1. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo, mlango uwe upande wa demani, yaani upepo unakoelekea. Mlango ukiwa ubavuni unakubalika. Ukiwa joshini, yaani upepo unakotoka, hapana.
2. Toa hema likiwa bado limekunjwa. Mtu mmoja apige goti juu yake wakati mwingine anafunga pembe mbili za upande wa upepo. Hizo zikamilike kwanza, kuzikwa na kukanyagwa.
3. Ndipo likunjuliwe kufuata upepo, sakafu ifungwe pembe zote nne likiwa bapa.
4. Tia vitu vizito ndani: ndoo za maji, mabegi. Lita 20 za maji kila pembe ya upepo.
5. Fito ziingizwe hema likiwa bado limelala. Linainuliwa likiwa limeshafungwa, halisimamishwi kwanza ndipo lifungwe.
6. Kitambaa cha nje kirushwe kutoka upande wa upepo kwenda demani, kwa watu wawili, na kamba zake za joshini zikazwe kabla ya nyingine.

Asubuhi unarudi nyuma kwa mpangilio huohuo: fito zinatoka, hema linalala, na pembe za joshini ndizo za mwisho kabisa kufunguliwa.

Fundo la kukazia: piga kitanzi katikati ya kamba, pitisha ncha kwenye mkono wa mfuko au kigingi, irudishe ipite ndani ya kile kitanzi, vuta chini, malizia kwa mafundo mawili. Madereva wa malori wanafungia mizigo hivyohivyo. Linakazwa na kulegezwa bila kisu hata kamba ikiwa imelowa. Na lazima mtakaza tena, kwa sababu mahema ya nailoni yakilowa umande kitambaa kinalegea. Zungukia kamba zote saa tatu usiku kabla ya kulala. Hema linalopiga makofi usiku ni hema lenye kamba zilizolegea, na ni hayo makofi yanayochana mishono.

Gari kama kinga ya upepo ni sawa, lakini liwekwe mita 4 au 5 joshini mwa hema. Karibu zaidi ya hapo upepo unaopita juu na kando ya gari unaanguka kwa mizunguko juu ya hema lenyewe. Msifunge kamba kwenye gari ambalo mtu anaweza kuliwasha na kuondoka akiwa na usingizi. Mkifunga, funguo za gari zitundikwe kwenye kamba hiyohiyo. Na injini isiwashwe kwa ajili ya joto wakati moshi wa ekzosi unaelekea hemani.

Mahali pa kupiga kambi Sharqiya: si juu ya tuta, upepo wote uko huko. Si chini ya ule mteremko mkali wa tuta pia. Mchanga unaendelea kumwagika, na magari yanayopanda tuta kutoka upande wa pili hayawaoni mpaka yawe yameshavuka kilele. Chagueni sehemu tulivu, mbali na mteremko huo, mita mbili tatu juu ya kitako cha bonde. Kitako chenyewe hukusanya baridi na umande. Chini ya mighafu, ile miti ya jangwani, pana kivuli kizuri mchana, lakini ngamia hupumzika hapo na kupe hubaki, tena miiba ya matawi yaliyoanguka hutoboa magodoro.

---

MwanaRuwi

Allah awabariki. Hema kubwa tumeliacha, tunaazima mawili ya kuba. Moja lina wavu mkubwa juu na kitambaa cha nje hakifiki chini, kinaacha kama shibiri nzima. Mchanga hautaingia? Na je, tufukie ukingo wake kwa mchanga?

---

FundiTurubai

Utaingia. Mchanga unaorushwa na upepo husafiri chinichini, mwingi wake hauvuki goti, kwa hiyo upenyo wa shibiri uko mahali pabaya kabisa. Hilo hema litumieni kwa watu wazima na liwekwe nyuma ya gari. Ndani ya wavu bana shuka la pamba kwa vibanio vya nguo, upande wa upepo tu, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita moja. Punje zinazuiwa, hewa inapita. Vumbi laini kama unga litapita kidogo, hilo halizuiliki.

Ukingo unaweza kuufukia upande wa upepo.

---

Baharia_wa_Sur

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Kitambaa cha hema la kawaida hakikushonwa kubeba mchanga. Mvumo mmoja ukiinua hema, mshono wa ukingo unachanika kwa sababu umeushikilia chini kwa kilo nyingi. Mahema yenye sketi ya kufukiwa yapo, na sketi yake ni kipande cha pekee. Kwa hili lao, bora wafukie shuka kuukuu au turubai jembamba mbele ya hema, sentimita 40 kimo, likishikwa na fimbo mbili, kama ua mdogo. Mchanga unaangukia hapo.

---

FundiTurubai

Sawa, ua wa turubai ni bora kwa hema lisilo na sketi. Uwekwe mita moja na nusu mbele ya hema, sio kubana kabisa, maana mchanga unarundikana pande zote mbili za ua.

---

UmmuSalma_Nizwa

Nizungumzie baridi, na hasa watoto.

Kadirieni hivi: kila mita 1,000 mnazopanda, joto hushuka digrii 6 au 7. Nizwa iko kwenye mita 500 hivi, uwanda wa Jebel Shams mtakapolala uko karibu na mita 2,000. Usiku wa Nizwa ukiwa digrii 14, kule tarajieni 4, na usiku mkavu usio na mawingu unaweza kushuka zaidi, hata kugusa sifuri. Sharqiya si baridi hivyo, lakini umande wake ni mzito. Hiyo misitu ya mighafu ya huko inapata sehemu ya maji yake kwenye unyevu wa hewa. Blanketi lililoachwa nje litakuwa limelowa alfajiri, na blanketi lililolowa ndilo mtakalopanda nalo mlimani siku ya pili. Kila kitu cha kulalia kiingie ndani kabla ya magharibi, na asubuhi kianikwe juani saa moja nzima kabla ya kukunjwa.

Magodoro ya kujaza upepo ndiyo shida yenu kubwa kuliko hata mifuko. Hewa iliyo ndani yake haina kitu cha kuizuia kuzunguka, basi inachukua joto la mwili na kulishusha ardhini usiku kucha. Mtu anajifunika mablanketi matatu na bado anatetemeka, kwa sababu baridi inatoka chini. Tandikeni hivi, kutoka chini kwenda juu: turubai, mikeka ya sponji ngumu ya sentimita 1 mpaka 2, godoro mkitaka ulaini, halafu juu ya godoro blanketi zito lililokunjwa mara mbili au mkeka mwingine wa sponji. Mkinunua mikeka ya kambi, angalieni namba ya R iliyoandikwa, kipimo cha jinsi mkeka unavyozuia joto kupotea ardhini. Kwa Jebel Shams itimie 4, na namba hizo zinajumlishwa: mkeka wa R 2 juu ya mwingine wa R 2 ni R 4. Kwa watoto achaneni na godoro la upepo kabisa. Sponji mbili zinatosha na hawaanguki.

Mfuko wa kulalia: someni lebo yenyewe, sio namba kubwa ya kwenye kasha. Kuna viwango vitatu, Comfort, Limit na Extreme. Nunua kwa kutazama Comfort. Extreme ni kiwango cha kunusurika tu, mtu hapati usingizi hapo. Ikiwa +10 yenu ni Comfort, basi Sharqiya inatosha, na Jebel Shams mnaongeza blanketi zito la manyoya juu ya kila watoto wawili. Mna magari, uzito si hoja. Ikiwa +10 ni Extreme, hiyo mifuko ni ya kiangazi, itumieni kama shuka ndani ya mablanketi.

Chupa ya maji ya moto inasaidia kuliko jiko lolote. Chupa ngumu ya lita moja ya kuvumilia maji ya moto, si chupa nyepesi za maji ya dukani; zile zinasinyaa. Jaza maji ya moto lakini yasiyochemka, funga kizibo, pindua chupa kichwa chini juu ya sinki au mchanga kwa dakika moja uone kama inavuja, ivike soksi nene, itie miguuni mwa mfuko robo saa kabla mtoto hajalala. Kwa wadogo, itoe wanapoingia.

Nguo za kulalia ziwe kavu na hazikuvaliwa mchana, soksi pia. Jasho la mchezo wa mchana likibaki mwilini linageuka baridi saa tisa usiku. Kofia ya sufi ivaliwe, lakini uso usiingie ndani ya mfuko. Pumzi inalowesha pamba yake kutoka ndani. Kwa sababu hiyohiyo acheni tundu la juu la hema wazi hata kukiwa na baridi. Watu wanne kwenye hema lililozibwa wanatoa unyevu wa kutosha kudondoka kutoka paani.

Na kule juu hema liwe mbali na ukingo wa korongo, mita mia na zaidi. Mivumo mikali hutokea pale upepo unapopanda ukingo, na mtoto anayeamka kujisaidia gizani asiwe na njia ya kuelekea huko.

---

MpishiWaKambi

Jiko halijaguswa. Lile kopo refu la gramu 220 ni gesi ya butani tupu. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na digrii 0, na kopo lenyewe hupoa jinsi linavyotumika, kwa hiyo hata kwenye digrii 6 au 7 moto unaanza vizuri, baada ya dakika tano unanyong'onyea. Watu hudhani gesi imekwisha wakatupa kopo lililojaa nusu. Ukiona hivyo, litoe, liweke ndani ya koti dakika kumi, weka jingine. Usiku makopo mawili ya asubuhi yalale ndani ya gari, yamefunikwa blanketi. Msilipashe kopo kwa moto wala kwa maji ya kuchemka. Maji ya uvuguvugu ambayo mkono unakaa ndani yake bila kuungua yanatosha.

Kwa Jebel Shams ningechukua jiko dogo la kopo la kufunga kwa skrubu lenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Linafanya kazi vizuri chini ya sifuri.

Upepo: msizungushie karatasi ya foili wala bati jiko ambalo kopo lake liko chini au ubavuni ndani ya kinga hiyo. Joto linarudi kwenye kopo na linaweza kupasuka. Kwa jiko la mezani kinga iwe pande tatu, umbali wa sentimita 25, upande wa kopo ubaki wazi. Pia sufuria isiwe pana kiasi cha kufunika kile chumba cha kopo, na msiunganishe majiko mawili chini ya sinia moja la biriani.

Idadi: jiko la namna hiyo likiwa wazi kabisa linakula kopo moja kwa kama saa moja na robo. Kwenye upepo maji yaleyale yanachukua muda mara mbili. Watu wanane, siku mbili, pamoja na chai na maji ya chupa za moto: makopo 7. Mkate, jibini na supu iliyopikwa nyumbani ikatiwa kwenye chupa za chai vitawaokoa saa ya usiku wa pili, mkifika juu mmechoka na upepo umeshika.

---

MwanaRuwi

Nimeelewa sana. Limebaki la mawe: kule juu kigingi hakiingii kabisa, au kuna sehemu zenye udongo?

---

FundiTurubai

Vipo viraka vya udongo wenye kokoto, unene wa vidole vichache, halafu mwamba wa chokaa. Chukueni misumari ya chuma ya sentimita 20 na nyundo ya kilo moja, iingie inapokubali. Inapokataa, tumieni mawe mawili. Kamba ifungwe kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ngumi mbili au kwenye kipande cha fimbo, kilazwe chini, halafu jiwe kubwa la kilo 20 na zaidi liwekwe juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Kamba ikivutwa, dogo linagota kwenye kubwa. Watu wengi hufunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe kubwa, na hapo chokaa ile yenye makali inaikata usiku kwa kusugua. Pale kamba inapopita chini ya jiwe, ivike kipande cha bomba la maji la mpira au tambara. Mifuko ya mchele msiiache Sharqiya: rudini nayo imejaa nusu, kilo 5 kila mmoja, ifungwe katikati ya kila kamba ining'inie. Mvumo ukija inainuka na kurudi, hivyo kamba haipati mshtuko wa ghafla.

Kabla ya safari, simamisheni mahema yote mawili uani, yapigeni maji ya mpira dakika kumi, hesabuni kamba na vitanzi vya velkro. Chukueni bomba la alumini la sentimita 12 ambalo fito inaingia ndani yake bila kulegalega, pamoja na tepu ngumu ya kitambaa. Fito ikivunjika, bomba linavikwa juu ya ufa, linafungwa tepu ncha zote mbili, na hema linasimama tena ndani ya dakika tano. Zipu zisipakwe mafuta yoyote, mafuta yanakamata mchanga na meno yanalika. Brashi kavu ya meno, halafu kipande cha mshumaa kisuguliwe juu yake. Zipu ikikwama msiivute kwa nguvu. Irudisheni nyuma, mpige brashi, ndipo ifungwe. Viungio vya fito vifutwe kwa tambara kavu asubuhi ya Sharqiya kabla ya kukunja, maana punje zikibaki mle, kule juu jioni kwenye baridi fito hazitaachana wala kuingia hadi mwisho, na fito isiyoingia hadi mwisho ndiyo inayopasuka.

Na tairi mlizozishusha kwa ajili ya mchanga, jazeni hapo Bidiyah kwenye lami. Beba pampu yenu.